Maji ya kisima yanaunguza mboga zangu: nitumie maji gani nisiyoyalipia sana?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Kigamboni, Dar es Salaam. Nyuma ya nyumba nina tuta la mita 6 za mraba pamoja na viroba 10, ambamo nimepanda mchicha, nyanya, pilipili hoho na maharage machache. Ninamwagilia kwa maji ya kisima cha jirani, anayeniuzia kwa bei ya chini, ila maji hayo yana ladha ya chumvi kwa mbali. Nyanya zinaendelea vizuri, lakini majani ya hoho yanaungua kingoni, maharage yamedumaa, na juu ya udongo wa viroba umetanda unga mweupe. Maji ya bomba tunayo, lakini kuyamwagia mboga kunaniuma roho. Wifi yangu ananishauri nitumie maji ya kufulia, na mume wangu anataka tununue simtanki la kukingia mvua. Nishike lipi?
*Mama wa watoto watatu, Kigamboni*

JIBU: Ndugu msomaji, umeieleza bustani yako kwa uangalifu kiasi kwamba jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe. Mimea yako inaumia kwa mpangilio uleule ambao wataalamu wa umwagiliaji wameupanga kwa kuangalia nani anavumilia chumvi na nani haivumilii. Chumvi ya maji hupimwa kwa uwezo wake wa kupitisha umeme, kwa kipimo kiitwacho desisimensi kwa mita. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, wa mwaka 1985, unasema kwamba maji yaliyo chini ya 0.7 hayana shida kwa mmea wowote wa kawaida, yaliyo kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalizi, na yanayozidi 3 yanafaa kwa mimea michache tu. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mavuno ya maharage huanza kupungua maji yakizidi 0.7, ya hoho yakizidi 1.0, na ya nyanya yakizidi 1.7. Kwa kuwa maharage na hoho zako zimelalamika huku nyanya zikinyamaza, ninakisia kwamba maji ya jirani yako yako mahali fulani katikati, juu kidogo ya 1. Makisio si kipimo, hata hivyo, na ningependa upeleke chupa ya maji hayo kwenye maabara ya ubora wa maji, au umwazime mtu kipimo kidogo cha mkononi ambacho wafugaji wa samaki na wakulima wa vitalu huwa nacho.

Ukikosa vyote viwili, panda maharage katika makopo mawili yenye udongo wa aina moja, kopo moja ulimwagilie maji ya mvua au ya bomba na jingine maji ya kisima. Baada ya wiki tatu au nne, majani yatakueleza. Jaribio hili ulifanye mwishoni mwa kiangazi, maana visima vya pwani havina chumvi ileile mwaka mzima: maji matamu chini ya ardhi yetu yameelea juu ya maji ya bahari, na kadiri pampu zinavyovuta bila mvua kurudisha, ndivyo chumvi inavyopanda.

Sasa ule unga mweupe. Mmea hunywa maji na kuiacha chumvi, na jua huondoa maji na kuiacha chumvi vilevile. Kwenye tuta, mvua ya masika huishusha chini zaidi ya mizizi, lakini ndani ya kiroba haina pa kwenda, na ndiyo maana maji ambayo shamba lingeyastahimili yanakiua kiroba. Watu wengi huyalaza maji ya kisima usiku kucha wakiamini chumvi itatuama. Haituami, na kuyachemsha kunaizidisha. Kinachosaidia ni kutoboa viroba vizuri chini, kisha kila baada ya wiki mbili kuvimwagia maji matamu mengi hadi yachuruzike kwa muda, ili yaondoke na chumvi iliyolundikana.

Kuhusu gharama, ninakuomba tupige hesabu pamoja, kwa sababu hapa ndipo wasomaji wengi hujidhulumu. Katika joto la Dar es Salaam, mita moja ya mraba ya mboga huhitaji takribani lita 5 kwa siku isiyo na mvua. Tuta lako litahitaji lita 30, na viroba 10, kwa lita 2 kila kimoja, lita 20. Jumla ni lita 50 kwa siku, yaani ndoo mbili na nusu, au lita 1,500 kwa mwezi, ambazo ni uniti moja na nusu tu. Chukua bei ya ndoo moja ya jirani, izidishe mara 50, kisha uilinganishe na bei ya uniti iliyoandikwa kwenye ankara yako ya maji. Ndoo ya shilingi 100, kwa mfano, inaifanya uniti kuwa shilingi 5,000. Sitashangaa ukikuta kwamba maji yanayokuuma roho ndiyo ya bei nafuu. Dawa ya klorini iliyomo isikutie hofu; ukiyaacha kwenye ndoo iliyo wazi hadi kesho yake, sehemu kubwa huwa imetoka. Tatizo la kweli la bomba ni mgawo, na siku yanapokatika, watoto wanywe kwanza.

Wazo la mume wako ni zuri, ila ningelipunguza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 20, litakupa lita 800, na ukitoa sehemu ya tano inayopotea, 640. Simtanki la lita 1,000 litajaa upesi wakati wa masika, bustani ikiwa haina kiu, kisha litakwisha kwa siku 20 tu za kiangazi ambacho ni cha miezi. Anzeni na mapipa mawili ya lita 200, maji yake yawe ya miche, maharage na hoho, na ya kuchanganya: ndoo ya mvua kwa ndoo ya kisima hupunguza chumvi karibu nusu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iacheni ioshe paa. Mapipa yafunikwe kwa chandarua kilichobana, kwani mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyolisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji safi yaliyotuama kama hayo.

Wifi yako ana nia njema, lakini sabuni ya unga ina sodiamu, madini yaleyale yaliyomo kwenye chumvi, na sodiamu ndiyo uliyo nayo tayari kupita kiasi. Maji ya suuzo la mwisho yapelekwe siku hiyohiyo kwenye mgomba au mpapai, kamwe si kwenye mchicha, na maji yaliyofuliwa nepi yasifike bustanini kabisa. Yaliyoosha mchele, kabla hayajatiwa chumvi, ni halali ya kiroba chochote.

SWALI: Bustani yangu iko karibu na mto Msimbazi, na maji yake ni ya bure. Je, nikiziosha mboga vizuri, kuna ubaya?
*Msomaji, Kigogo*

JIBU: Upo. Mto huo hupokea majitaka ya makazi na ya viwanda, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi ulikuta ndani yake madini mazito, yakiwemo ya risasi. Kuosha huondoa uchafu wa juu ya jani, lakini madini yaliyoingia kwa mizizi yamo ndani ya jani lenyewe, wala moto wa jikoni hauyaondoi. Ndoo mbili za bomba kwa siku zinatosha tuta la mita 8 za mraba. Punguza tuta lifikie hapo.