Hela za kijiji kwenye kaburi la sheikh: sisi tulijenga ndani ya uzio

Mkuu, umeuliza kama ni sawa kijiji chenu kitoe milioni 8 za mauzo ya magogo kujenga nyumba ya wageni kwenye kaburi la sheikh, kwa kuwa siku za ziara, watu wanapokuja kuzuru kaburi, wanalala mpaka chini ya miembe. Nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Pwani miaka mitano, kamati ya fedha na mipango. Kosa hilo tumeshalifanya.

Sisi hela ilitokana na ushuru wa mchanga. Tukajenga banda la mabati lenye vyumba vinne, ndani ya uzio wa kaburi, maana ndipo penye kivuli. Mkutano mkuu ulipitisha mchana kweupe. Waliouliza "na sisi wa kanisani tunapata nini?" tukawacheka. Mwaka wa kwanza wageni walijaa. Wa pili, familia ya marehemu ikabadilisha kufuli: eneo ni wakfu, yaani limetengwa kwa ajili ya dini, wakasema, na kweli ni wakfu. Kijiji hakikuwa na karatasi hata moja. Mtendaji alipofuatilia akaulizwa yeye ni nani kwenye kaburi la babu yao. Kwenye taarifa ya robo mwaka nilisoma mimi mwenyewe: mapato ya wageni, sifuri. Jasho lilinitoka.

Baadaye ndiyo tukaonyeshwa Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania: uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Serikali ya kijiji nayo ni mamlaka. Kaburi waachieni wenyewe. Ila mgeni akishatoka kwenye dua ni mgeni wa kijiji, anatafuta choo, maji, chakula na pa kuegesha Koasta.

Kwa hiyo awamu ya pili tulihamia ng'ambo ya barabara, kwenye ardhi ya kijiji. Vyoo matundu 8, tenki la maji, uwanja wa magari, vibanda vya mama lishe. Choo shilingi 200, basi 5,000, kwa stakabadhi. Aliyemaliza masufuria mapema kuliko wote alikuwa mama wa kwaya ya kanisani. Kuku alichinjiwa na ustadhi, hakuna aliyenung'unika. Ziara ikiisha, vyoo vinatumika siku za gulio. Nyumba ya wageni ya siku tatu kwa mwaka mtawafugia popo tu.

Halafu angalieni kalenda. Ziara inafuata mwezi mwandamo, kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11. Yetu iliingia kwenye masika, uwanja ukawa tope, mabasi mawili yakasukumwa na vijana waliotoza kuliko sisi. Anzeni na kifusi.

Ulizeni pia umri wa kaburi. Likiwa la kabla ya 1863, linaguswa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, msipeleke saruji wala rangi kabla ya kumwona afisa utamaduni wa wilaya. Na makubaliano na familia yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, wasaini, kabla fundi hajachimba msingi.

Lile banda letu lipo hadi leo. Familia wanahifadhia korosho.