Wadudu wa tetere na nywele za watoto
Dada, umeuliza kama wale wadudu mliowaona kwa tetere mliyemwokota karibu na msitu wa Ngezi wataingia nywele za watoto. Usiwe na wahka, hawakai humo. Wale wembamba walioganda kwenye manyoya ni chawa wa ndege. Chakula chao ni manyoya na magamba ya ngozi, na wakitoka mwilini mwa ndege hufa baada ya siku chache.

Yule bapa aliyeruka kisha akajificha tena chini ya bawa ni nzi mnyonya damu. Nimemtazama sana kwa njiwa wangu: hukimbia upande upande kama kaa, na ukimbana kwa vidole hapasuki. Ajabu yake hatagi mayai, huzaa buu mmoja mmoja aliyekwisha kukomaa. Na chawa humdandia huyo huyo wakahamia kwa ndege mwengine!

Ninaowaogopa mimi ni utitiri, maana hao huuma watu na ngozi ikawasha usiku kucha. Mtie tetere kwenye boksi lenye gazeti, ulibadilishe kila siku, awe mbali na banda la kuku, na mnawe mikono kwa sabuni. Tafadhali sana usimpake mafuta ya taa wala kumpulizia dawa ya mbu, utamuua. Mtazame na mdomo: ndege hujichambua chawa kwa mdomo, na ncha ya mdomo ikivunjika chawa huzidi upesi.