Kidonda cha uume kisichopona: mnauliza, tunajibu

Nina kidonda kwenye kichwa cha uume, mwezi wa pili sasa. Hakiumi. Nimepaka dawa ya fangasi mara mbili. Niendelee?

Usiendelee. Kutouma hakuondoi shaka. Saratani ya uume mara nyingi huanza kimyakimya hivyo. Kidonda au baka jekundu likipita wiki 4 bila kupona, likatwe kinyama kikapimwe. Kaswende nayo ipimwe, ila kinyama kisiisubiri. Daktari hupiga ganzi, kisha hukata ukingoni mwa kidonda na kwenda chini vya kutosha. Akiparua juujuu tu, maabara itasema ni saratani lakini haitajua imezama kiasi gani, na upasuaji hupangwa kwa kina hicho. Govi likiwa limebana halifunuki, lipasuliwe kwanza ili kionekane kilichojificha.

Mbona daktari anahangaika na kinena wakati kidonda kiko kwenye uume?

Kwa sababu saratani hii ikisambaa hupitia tezi za limfu za kinena kwanza, na hali ya tezi hizo hutabiri uhai wa mgonjwa kuliko ukubwa wa kidonda. Mtoki ukipapasika, uchomwe sindano, seli zichunguzwe. Ile desturi ya kumpa mgonjwa antibayotiki wiki 6 kuona kama mtoki utanywea ilipoteza muda wa watu wengi. Usipopapasika, kazi haijaisha: uvimbe uliozama huweza kuwa umeshatuma chembe ambazo hata CT skani haizioni. Hapo hutafutwa tezi ya kwanza kupokea limfu (majimaji ya mwili yanayochujwa na tezi) kutoka kwenye uvimbe, ikatolewa na kupimwa. Tezi za kinena zikiondolewa zote, kidonda cha upasuaji huweza kuchelewa kufunga na mguu kuvimba.

Ni lazima uume ukatwe?

Mara nyingi si wote. Saratani ya juu ya ngozi hutibiwa kwa krimu ya fluorourasili (dawa ya saratani) au leza. Ya govi pekee, kwa tohara. Iliyozama hukatwa pamoja na milimita chache za nyama isiyo na saratani inayoizunguka, si sentimita 2 kama zamani. Ukiondolewa wote, njia ya mkojo huhamishiwa kwenye msamba (kati ya korodani na mkundu), na mgonjwa hukojoa akiwa amechuchumaa au ameketi.

Mke wangu ataambukizwa?

Saratani haiambukizi. Virusi vya HPV, vinavyochangia takriban nusu ya saratani hizi, huambukiza, na huweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi; kwa hiyo aendelee kupimwa shingo ya kizazi.