Baba yuko dialisisi, ndizi nipikeje?

SWALI: Shikamoo dokta, baba yangu anafanyiwa dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimeshindwa) mara 3 kwa wiki, juzi wametuambia potasiamu, yale madini ya kwenye chakula, imepanda kwenye damu, na yeye bila ndizi za kupika hajala. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na hongera kwa kumjali mzee. Ndizi zina potasiamu nyingi, viazi na maharage pia, sasa wewe menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi mpaka zianze kulainika, yale maji mwaga yote, usimpe kama supu!, halafu weka maji mengine umalizie kupika. Potasiamu inapungua ila haiishi, kwa hiyo apate vipande vichache tu, siku nyingine mpe wali au ugali wa sembe. Madafu na parachichi aache kwanza. Chumvi kidogo mno, na vile vidonge vya mchuzi ni chumvi tupu, tumia kitunguu, tangawizi, ndimu kidogo. Magadi kwenye maharage hapana. Ila nyama, samaki au yai usimnyime kabisa, dialisisi inapoteza protini, kiasi chake muulizeni mtaalamu wa lishe hapo kliniki.