Umeolewa Muscat? Kiswahili kitakupokea, ila usilale humo

Kuna mdada kanitumia meseji wiki iliyopita, anaolewa na Muomani na mwezi ujao anahamia Muscat, ananiuliza "dada huko nitaongea na nani, mimi Kiarabu sijui hata cha kuombea maji". Nikacheka peke yangu, mana swali hilo hilo nilitoka nalo Tanga 2016 na mabegi yangu mawili. Jibu ni kwamba utaongea na watu wengi tu mdogo wangu, na hapo ndo mtego ulipo.

Muscat imejaa Waomani waliozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa mpaka Burundi huko, au wazee wao ndo walizaliwa huko wakaja baada ya mapinduzi ya 1964 na wengine wengi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970. Kwahiyo siku yangu ya kwanza soko la Mutrah nakodolea macho ubani na mashungi, nasikia nyuma yangu mzee wa watu, kanzu nyeupe, kofia, bakora mkononi, anamwambia mwenzie "twende bwana, jua hili litatuua". Mwili ulinisisimka jamani. Mama mkwe wangu mwenyewe kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu, mpaka leo nikisema "poa" ananiuliza kwani chai hiyo.

Basi nikajiona nimefika kwetu. Kiarabu cha nini?

Sasa sikiliza kilichonikuta. Wifi zangu wamezaliwa hapa wamesoma hapa, Kiswahili wanacho cha jikoni tu, njoo, kula, funga mlango, basi. Wake wa mashemeji zangu ndo kabisa, mmoja wa Ibra mwingine wa Nizwa, miji ya ndani mbali na Muscat, hawajui hata neno. Halafu fikiria mimi na mama tumeingia jikoni tunakuna nazi tunapiga stori tunacheka mpaka machozi, na wao wamekaa pale pembeni na simu zao. Mimi najua nampendeza mama mkwe, kumbe wenzangu wanajua wanasengenywa. Ilipita karibu mwaka nikiingia sebuleni maongezi yanakatika na mimi sijui kwanini, mpaka mume wangu akaniambia kwenye gari tunarudi, "wanasema umekuja kuwanyang'anya mama yao". Nililia kutoka Ibra mpaka Seeb, huku Muscat tunakokaa, mana nilikuwa najihesabu mkwe bora kuliko wote.

Ndo nikaanza kuongea Kiarabu changu cha kubomoka, tena mbele ya mama, na yeye akinijibu kwa Kiswahili mimi narudia kwa Kiarabu ili wote wasikie. Walinicheka sana, waache wakucheke, mtu akishakucheka mara tatu, ya nne anakusahihisha na ya tano anakuita ukae karibu yake. Angalizo tu, maneno yanayofanana na yetu yatakuumbua. Mimi nilikuwa naingia dukani namwambia muuzaji "tafaddal, maji", nikijua ni tafadhali yetu, na yeye ananyoosha mkono anangoja nimpe hayo maji! Huku hilo neno ni la kumkaribisha mtu, chukua, pita, kaa. Ukitaka kuomba sema "law samaht". Na karibu ndo usiseme, kwao qarib ni karibu ya umbali, nilimwambia mgeni mlangoni "qarib qarib" naye maskini akazidi kunisogelea.

Salamu ndo rahisi, ni kama za kwetu pwani, ndefu. Utaulizwa "kef halish", yaani u hali gani, hiyo ish ya mwisho ndo ya kumwambia mwanamke huku Oman, halafu "shi ulum, shi akhbar", kuna habari gani kuna jipya gani, na wewe jibu "ma shi, alhamdulillah", hakuna jipya, hata kama jana bomba limepasuka nyumba nzima imejaa maji. Si kama sisi tu, mtu mgonjwa kitandani anasema nzuri.

Kuna jambo watu hawapendi kuliongea ila nitaliongea. Mwanamke mweusi mwenye lafudhi ya Afrika Mashariki mahali kama kliniki au duka kubwa, wapo watakaodhani wewe ni mfanyakazi wa ndani. Mimi nimeulizwa mapokezi nina mwanangu begani, "madam yuko wapi?". Mara ya kwanza nilikosa pa kuweka uso, nikarudi nyumbani nikamfokea mume wangu asiyekuwa na kosa. Siku hizi nasema "ana ummo", mimi ndo mama yake, natoa kadi yangu ya ukaazi naendelea na shughuli zangu. Lakini pia niliona aibu ya ile hasira yangu, mana aliyenifundisha kupanda basi la Mwasalat kutoka Seeb mpaka Ruwi alikuwa dada wa Singida anayefanya kazi nyumba ya jirani, wakati huo mimi ndani mwaka wa pili nasubiri kupelekwa kama mzigo.

Hapo naingia kwenye leseni. Jifunze gari, jifunze gari, jifunze gari! Mji huu umejengwa kwa gari, umetandazwa mrefu kati ya mlima na bahari, huwezi kutembea kwa mguu kutoka Al Khoud mpaka Qurum, na mwezi wa sita kwa joto lake huwezi kutembea hata mpaka dukani. Mimi Tanga sijawahi kushika usukani hata wa bajaji. Huku kuna mtihani wa alama, kuna wa mapipa, unarudi nyuma kinyumenyume katikati ya mapipa usiguse hata moja, kuna mlima, halafu ndo barabarani na askari kakaa pembeni hasemi kitu. Nilianguka mapipa mara mbili na barabara mara tatu, mwalimu wangu mama wa makamo akawa ananiombea dua kabisa. Na gari zinapita kulia, kwahiyo hata kabla ya kuendesha, ukivuka kwa mguu angalia kushoto kwanza, akili ya Tanzania inakugeuza kulia na mwendo wa barabara za huku si wa mchezo. Siku nimepata leseni nilienda mwenyewe mpaka soko la samaki Mutrah, nikanunua jodari nisiyemhitaji, nikarudi. Mume wangu akauliza jodari wa nini, nikamwambia we kula.

Kukaribishwa kwa watu. Kahawa inakuja na tende, kikombe pokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kidogo, usipotikisa utamiminiwa mpaka moyo ukimbie. Halafu udi. Kwetu nikiona chetezo najua shughuli ndo imeanza, mimi huyo nikajifukiza vizuri nikarudi kukaa tena kwa raha zangu, nashangaa wenzangu wamesimama wanavaa abaya. Huku udi ukishapita ni kwaheri kwa adabu, wana hadi msemo, baada ya udi hakuna kukaa. Mwenye nyumba hakusema kitu, akaleta kahawa upya. Nikikumbuka nataka kujifukia.

Wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi na usipange kitu. Alhamisi jioni watu wanaenda bilad, yaani kwao kijijini, hata kama kazaliwa mjini na nyumba yake iko mjini. Mwanzoni nilinuna sana, kila wiki mabegi, kila wiki kulala chumba cha watu. Sikuzuia, huwezi kuzuia, ila tulikubaliana wiki moja kwa mwezi tunabaki, na hayo makubaliano fanyeni mapema kabla hamjazaa, mana mtoto akishazoea kukimbia kwenye mitende na binamu zake wewe huna kura tena.

Makaratasi nitasema kwa kifupi. Enzi zetu kibali cha kuoa mgeni kilitangulia kila kitu, sheria ililegezwa 2023, lakini cheti cha ndoa bado kinataka mihuri. Kama umeolewa bara anza na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kipite wizara ya mambo ya nje, halafu ubalozi wa Oman Dar, au ubalozi wao mdogo kama uko Zanzibar, na kitafsiriwe Kiarabu. Fanya yote ukiwa bado nyumbani. Kopi weka kwako, si kwenye faili la mume. Na ukienda kusalimia usizidishe miezi sita nje, ukaazi unaweza kufutwa, nimeona mtu alienda kujifungulia kwao akajisahau.

Maji nusura nisahau! Kiangazi tangi linapikwa juani huko juu ya paa na bomba la maji baridi linatoa maji ya kuchemsha chai. Zima hita mwezi wa tano, halafu oga kwa bomba la maji moto, yale yaliyokaa ndani kwenye hita ndo yanakuwa yamepoa. Hakuna aliyeniambia, nilioga maji ya moto miezi miwili nikijua nyumba ni mbovu.

Kwenye begi lako usibebe muhogo wala unga wa sembe, vyote vipo, na mandazi utayakuta wanayaita mandazi hivyo hivyo. Mletee mama mkwe kanga, doti mbili au tatu, usome jina kabla hujanunua mana huyu anasoma na anaelewa. Kwa wifi leta ubuyu wa rangi, mwingi, wangu uliisha siku ya kwanza na mpaka leo wananidai.