Aliahidi Kuwa Nasi: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua za mara hii zimetoka pande nyingi, lakini kilio kinafanana: Mungu ameahidi, mbona nyumbani kwetu hatuoni? Nimechagua saba. Baadhi nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwa sababu mnazozijua.

Mume wangu aliachishwa kazi kiwandani mwaka juzi. Sebuleni tumetundika Yeremia 29:11, na kila asubuhi tunalikiri neno lile kwa sauti. Mpaka leo ni vibarua tu, na watoto wameanza kuuliza. Je, ahadi ile si yetu, au imani yetu ina upungufu? (Mama wa watatu, Morogoro)

Mama, kabla hujaanza kuipima imani yako, kaa na baba watoto msome sura ile yote, si mstari mmoja. Ile ni barua. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mnamo mwaka 597 KK. Mstari wa 10, ulio juu tu ya huo mlioutundika, unataja miaka 70. Wengi walioisikia ikisomwa walielewa kwamba wao watazikwa ugenini, na wajukuu ndio watakaorudi. Ni watu hao, wenye hesabu hiyo mkononi, walioambiwa kwamba Mungu anawawazia "mawazo ya amani wala si ya mabaya".

Rudini nyuma sura moja mtakutana na Hanania, nabii aliyetangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka 2 mateka wote watakuwa wamerudi. Neno lake lilikuwa tamu kuliko la Yeremia, ila Mungu hakumtuma. Nina hofu kwamba katika familia nyingi tumeuchukua mstari wa Yeremia na kuubandikia tarehe ya Hanania, na tarehe ikipita tunajilaumu kwamba hatukuamini vya kutosha.

Je, ahadi ni yenu? Mlio wa Kristo, naamini ni yenu, lakini kwa namna ilivyotolewa. Mistari ya 5 hadi 7 inawaagiza mateka wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee mji ule amani. Yaani waishi kabisa wakati wanangoja. Kibarua anachokwenda baba alfajiri hakimaanishi kwamba Mungu amechelewa. Unga unaoingia jioni ile ni jibu la "utupe leo riziki yetu". Yule mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17 hatuambiwi kwamba pipa lake lilijaa. Tunaambiwa halikupunguka. Watoto wameanza kuuliza, mnasema. Basi waambieni ukweli wote, kwamba baba hana ajira ya kudumu, kwamba tunaomba, na kwamba leo tumekula. Na baba mwenyewe ndiye ashukuru mezani kwa ajili ya unga huo, watoto wakimsikia.

Tunajitahidi kuwa na ibada ya nyumbani kila jioni, lakini inaishia ugomvi. Wadogo wanasinzia, wakubwa wanachungulia simu, mimi nafoka. Bwana anakuwepo kweli katika fujo hii? (Baba, Kahama)

Yupo, baba, alikuwepo hata kabla hamjakusanyika. Ila fupisheni. Zaburi moja, mtoto mmoja aseme jambo analotaka liombewe, sala, mkalale. Dakika kumi zinatosha sana. Mfanye kabla ya chakula, si baada ya kushiba, na simu ya kwanza kuwekwa kabatini iwe yako. Tena ile ahadi ya wawili watatu waliokusanyika, katika Mathayo 18, imekuja katikati ya maneno ya ndugu kupatana na ndugu yake. Ukifoka, waombe radhi palepale kabla ya amina. Hiyo nayo ni ibada, na pengine ndiyo watakayoikumbuka.

Mume wangu akilewa hunipiga. Wazee wa kanisa wanasema nivumilie, kwamba Mungu ameahidi kutoniacha, na kwamba nikiondoka nimekosa imani. (Hakutaja anakoishi)

Dada yangu, ulichoambiwa si kweli, na inaniuma kwamba kilisemwa kwa jina la Bwana.

Mtazame Daudi. Samweli alikwisha kumpaka mafuta. Ahadi ya ufalme alikuwa nayo. Hata hivyo Sauli alipomrushia mkuki, alikwepa, na usiku ule mkewe Mikali akamteremsha dirishani akakimbia (1 Samweli 19). Hakuna mahali Biblia inapomhesabia kukimbia kule kuwa ukosefu wa imani. Mungu aliyeahidi kuwa naye alikuwa naye ukutani alipokwepa, na akawa naye njiani alipokimbia. Ahadi ya kutokuachwa haikufungi kwenye chumba unachopigiwa. Inatoka nawe hadi kwa mjomba, kwa shangazi, popote penye usalama.

Wazee wamekusomea wewe. Naomba wamsomee na yeye 1 Petro 3:7, ambapo waume wanaagizwa kuwapa wake zao heshima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe". Mtu anayempiga mkewe usiku na kuongoza maombi asubuhi ana neno lake pale.

Sasa fanya hivi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo. Vyeti, kadi za kliniki za watoto na nauli viweke mahali unapoweza kuvichukua haraka. Ukiwa Tanzania, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Wamewekwa kwa ajili ya kesi kama yako. Ukiumizwa, utibiwe na ujaziwe PF3, ile fomu ya polisi. Kusamehe na kupatana tutayazungumza ukiwa salama, si kabla.

Nilifundishwa nikipanda mbegu kubwa, Mungu atairudisha mara mia. Nina pesa ya ada ya binti yangu ya muhula huu. Niitoe? (Mjasiriamali, Mwanza)

Usiitoe. Hiyo pesa ina mwenyewe. Katika Marko 7 Bwana Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakisema "Korbani", wakitoa kwa Mungu kile kilichopaswa kuwasaidia baba na mama yao. Kama hakupokea sadaka iliyonyang'anywa wazazi, sioni atakavyoipokea iliyonyang'anywa mtoto. Lipa ada, kisha toa kwa moyo katika kilicho chako, hata kiwe kidogo.

Mwanangu wa miaka tisa ana kifafa na anatumia dawa za hospitali. Tumeombewa, na tumeambiwa kuendelea na dawa ni kuonyesha hatuamini ahadi ya uponyaji. Tuache? (Wazazi, Ulanga)

Msiache. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla, degedege laweza kurudi kwa nguvu, likampiga mtoto mfululizo bila kukoma, na hiyo ni hatari ya kifo. Dozi inapunguzwa na daktari tu, taratibu.

Kuhusu imani, someni 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa karibu na kufa, analia, na Mungu anamtuma Isaya na ahadi iliyo wazi kabisa: nitakuponya, nitakuongezea miaka 15. Na nabii yuleyule aliyeleta ahadi akaagiza mkate wa tini uletwe, ukawekwa juu ya jipu, mfalme akapona. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kusema "dawa ya nini, nimeahidiwa", alikuwa Hezekia.

Ninyi mko Ulanga, na pengine wazee wenu wanayakumbuka mambo ya Mahenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa pale misheni. Wenye ugonjwa huu walikuwa wakitengwa, watu wakiogopa kwamba unaambukiza. Walipopata vidonge kwa mpangilio wengi walirudi shambani na kwenye ndoa. Mimi naona mkono wa Mungu katika kliniki ile, nao ninauheshimu.

Nawaomba pia msikimbilie kila mkutano wa mafuta na maji. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani Moshi, walipokuwa wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa na shida zao kama ninyi, na sitawahukumu. Lakini Mungu haishi mwisho wa foleni. Usiku mtoto akianguka, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkae naye mpaka azinduke, na mkiomba mnaomba mbele ya Mungu aliye chumbani humo. Degedege likizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali.

Nilimlea kijana wangu kanisani. Alikuwa kwaya ya watoto, akapata kipaimara. Sasa yuko mjini, anaishi na mwanamke bila ndoa, na anasema mambo ya Mungu ni ya wazee. Mithali 22:6 inasema mtoto hataiacha njia. Nilikosea wapi? (Bibi wa wajukuu wawili, Bukoba)

Mama yangu, shikamoo. Hiyo "nilikosea wapi" naomba uiweke chini kwa muda. Mithali zinatuambia jinsi maisha yanavyokwenda kwa kawaida kwa anayemcha Mungu. Si hati ya mkataba ambayo mtoto akipotea inamtia mzazi hatiani. Isaya anaanza kitabu chake na Mungu mwenyewe akilia kwamba amelea watoto, nao wamemwasi. Nani atasema Mungu alikosea malezi?

Wakatoliki wa kwenu Bukoba wanamwadhimisha Mtakatifu Monika kila tarehe 27 Agosti. Alikuwa mama wa Kiafrika, wa Tagaste, iliyo sasa Algeria. Mwanawe Augustino, kijana mwenye akili nyingi, alikwenda kusoma Karthago, akaishi na mwanamke wakazaa, akaingia katika dhehebu la Wamani, wafuasi wa mtu aliyeitwa Mani, waliofundisha kinyume na Kanisa. Monika alilia. Alimfuata askofu mmoja, ambaye mwenyewe alilelewa kwa Wamani, akimsihi aongee na kijana. Askofu akakataa, kwamba bado hafundishiki. Mama akazidi kulia, mpaka askofu akamwambia kwa kuchoka kidogo: nenda zako, haiwezekani mwana wa machozi haya apotee.

Ila jambo linalonigusa kuliko yote ni la mwaka 383. Augustino alitaka kwenda Roma, mama hataki. Akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki bandarini. Monika akalala kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Sipriano lililokuwa karibu na bahari, usiku kucha akimwomba Mungu azuie safari. Asubuhi merikebu ilikuwa imekwisha ondoka. Fikiria mama yule ufukweni, baada ya kesha zima la maombi! Lakini safari ileile ndiyo iliyomfikisha Augustino Milano, kwa askofu Ambrosi, ambaye alimbatiza Pasaka ya mwaka 387. Augustino mwenyewe aliandika baadaye kwamba Mungu hakumpa mama alichoomba usiku ule, ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote.

Siwezi kukuahidi kwamba wewe nawe utaliona. Monika alifariki mwaka uleule wa ubatizo, hata kwao hakurudi. Ninachojua ni kwamba kijana wako hajafika mahali Mungu asipofika. Kwa hiyo ombea, na mlango uwe wazi. Akija na yule binti, wapikie ndizi kama unavyompikia mgeni wa heshima. Usimhubirie kila simu anayopiga. Siku nyingine muulize tu kama amekula. Na wale wajukuu ukiwa nao, waimbie zile nyimbo ulizomwimbia baba yao.

Niko Muscat nafanya kazi za ndani. Watoto wangu wawili wako Tanga kwa dada. Mdogo ameniuliza kwenye simu: "Mama, Mungu yuko huko kwako au yuko huku kwetu?" Nilinyamaza. Ningemjibu nini? (Mama wa wawili)

Mjibu: kote kuwili, mwanangu, na usiku mimi na wewe tukilala yeye halali. Zaburi 121 ni fupi, inakaririka, na inasema hivyohivyo: "hatasinzia wala hatalala usingizi." Karirineni mstari mmoja mmoja kila mnapoongea. Kwenu Muscat mko mbele kwa saa moja, kwa hiyo ukimaliza vyombo saa tatu usiku, Tanga ni saa mbili, bado hawajalala. Kama tajiri wako anakuruhusu muda huo, ushike. Kama haruhusu, mtumie ujumbe wa sauti wa sala, dada awawekee wasikilize kitandani. Na siku ukipata ruhusa, Muscat kuna makanisa Ruwi na Ghala, ibada nyingi ni Ijumaa. Usijinyime ushirika ukidhani sala ya chumbani inatosha. Wewe nawe unahitaji kushikwa mkono na mtu.

Kumwamini Mungu awatunze hakukuzuii kuuliza maswali ya mama. Muulize dada wanalala chumba kimoja na nani, na nani anawasindikiza shule. Pata namba ya mwalimu wa darasa. Mtoto mwenyewe mzungumze peke yake pasipo spika, na akikuambia kuna mtu anamfanya aogope, muamini kwanza. Hajiri alipomweka mwanawe chini ya kijiti nyikani akakaa mbali asimwone akifa, maandiko yanasema Mungu alisikia sauti ya mtoto palepale alipo, kisha akamwambia mama asimame, amshike mkono (Mwanzo 21). Wewe uko mbali kwa sababu ya ada na kodi ya nyumba, na mkono wako kwa sasa ni simu hiyo. Usiku wa leo ukipiga, yule mdogo ndiye aongee wa kwanza. Jibu lake analisubiri.