Jibu: Ubongo wa mama "unadunda" kwenye video ya MRI

Salaam ndugu yangu wa Malindi. Umeuliza kama mama yuko hatarini, maana video ya MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku) uliyotumiwa yaonyesha ubongo ukidunda kama moyo. Hofu punguza. Ubongo wa kila aliye hai husogea moyo unapopiga, ila kwa chini ya nusu milimita. Kompyuta ndiyo huukuza mwendo huo hadi ukaonekana.

Kwanza hakikisha: video ni ya mama kweli, au imeokotwa mtandaoni? Mjomba tulipomtoa Lamu kwenda Mombasa kupigwa MRI, tulirudi na picha zilizotulia tu, na ndiyo kawaida. Kunasa mwendo, mashine hufuatana na mapigo, mara nyingi kwa kibanio cha kidoleni. Muulize mama. Halafu ripoti yenyewe inasemaje? Iweke hapa, jina lake ulifiche.